Saratani Kali ya Tezi Dume na Uchaguzi wa Mtu wa Bagira

Mwezi wa Agosti mwaka 1996, Mobutu Sese Seko, aliyekuwa akiitawala Zaire kwa zaidi ya miaka 30, alipasuliwa kwa ajili ya saratani ya tezi dume katika mji wa Lausanne, Uswisi. Na kabla hajarejea nyumbani, akiwa bado anajiuguza huko Ulaya, vita viliwaka katika Kivu ya Kusini, na mji wa Bukavu ukaanguka mwishoni mwa Oktoba mwaka uleule. Watu wazima wa Bagira, komini ya mji huo, wanaikumbuka Oktoba ile kwa mambo mengine kabisa, kwa milio ya risasi na kwa kuuawa kwa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, wala si ajabu ikiwa ni wachache waliopata wasaa wa kuyafikiri maradhi ya rais. Lakini maradhi yale yalishika njia yake bila kuingoja siasa. Tarehe 4 Mei 1997, alipokwenda kukutana na Laurent-Désiré Kabila katika merikebu ya Afrika Kusini iitwayo Outeniqua, iliyotia nanga Pointe-Noire, Mobutu hakuweza kuipanda ngazi kwa miguu yake, ikabidi aingizwe melini ndani ya gari. Na tarehe 7 Septemba mwaka huo alifariki mjini Rabat, Morocco, naye ana umri wa miaka 66.

Mwenyeji wa kikao kile, Nelson Mandela, alimzidi umri kwa miaka 12, na maradhi ya tezi hiyo hayakuwa mageni kwake. Mwaka 1985, angali mfungwa, alipasuliwa tezi dume iliyovimba pasipo saratani. Na mwaka 2001, saratani ilipogunduliwa katika tezi ileile ingali changa, alitibiwa kwa mionzi, akaishi hata mwaka 2013, akafa mzee wa miaka 95. Nimewataja viongozi hawa wawili pamoja kwa kuwa habari zao zinaondoa kosa ambalo limewaponza wengi katika mitaa yetu. Uvimbe wa kawaida wa uzee na saratani ni maradhi mawili mbalimbali, na mtu aliyepasuliwa kwa ajili ya ule wa kwanza hakukingwa na hii ya pili: daktari wa upasuaji huiondoa nyama ya ndani iliyoibana njia ya mkojo na kuiacha sehemu ya nje ya tezi mahali pake, na sehemu hiyo ya nje ndiyo ambamo saratani aghalabu huanzia. Mzee asemaye kwamba prostati yake ilikwisha kutolewa, kwa hiyo hana tena la kuogopa, anajidanganya pasipo kujua.

Ama saratani yenyewe si ya namna moja. Iko itambaayo polepole hata mwenyewe akafa kwa sababu nyingine, na madaktari huweza kuiangalia tu kwa vipimo vya kila mara bila kuigusa. Iko iliyokwisha kuingia mifupani, ambayo tiba yake ni kuituliza kwa muda mrefu iwezekanavyo. Na baina ya hizo mbili iko ile iitwayo ya hatari kubwa, ambayo bado haijaonekana mahali pengine mwilini, na kwa hiyo ingali yaweza kuponywa, lakini ina kila dalili ya kutaka kutoka. Hiyo ya kati ndiyo ninayoikusudia hapa, kwa sababu ndiyo inayomtaka mgonjwa na jamaa zake wafikiri zaidi, na ndiyo ambayo uchaguzi mbaya ndani yake hugharimu zaidi.

Hatari hiyo hutambuliwa kwa mambo matatu, na lolote moja kati yake latosha. La kwanza ni kipimo cha damu kiitwacho PSA, kinapozidi nanogramu 20 katika kila mililita. La pili ni alama ya Gleason, iliyopewa jina la tabibu Mmarekani Donald Gleason aliyeianzisha mwaka 1966: vinyama vidogo hutolewa katika tezi kwa sindano, hutazamwa kwa hadubini, na kwa kadiri chembe zake zilivyopoteza umbo la asili hupewa alama ambayo siku hizi huanzia 6 na kuishia 10, kuanzia 8 kwenda juu ndiyo saratani kali. La tatu ni kule kuonekana, kwa kidole cha daktari au kwa picha, kwamba uvimbe umeupenya utando wa tezi na kutoka nje yake. Hapa inafaa kutahadhari, kwani PSA peke yake haimhukumu mtu. Hupanda pia kwa uambukizo wa mkojo, kwa mkojo kuziba, na hata kwa kutiwa sonda, yaani mrija wa mkojo, na aliyepimwa siku mbili tatu baada ya kutiwa sonda akaambiwa kwamba ana kansa amehukumiwa kabla ya ushahidi. Ushahidi ni kile kinyama. Pasipo hicho, na pasipo picha za mifupa na nyonga za kuhakikisha kwamba ugonjwa haujasafiri, mtu huchagua tiba ya maradhi asiyoyajua.

Sasa tuje katika tiba. Mwaka 1941, huko Chicago, Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges walidhihirisha kwamba saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume itokayo katika korodani, na kwamba homoni hiyo ikikatwa, maumivu hupoa na uvimbe hunywea. Kwa kazi hiyo Huggins alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1966. Tangu hapo kuikata homoni ndiyo nguzo ya tiba, ama kwa upasuaji mdogo wa korodani, ama kwa sindano za kila mwezi au za kila miezi mitatu. Na kwa kuwa sindano hizo hazihitaji mashine wala chumba cha pekee, ndizo ambazo mgonjwa wa Bukavu hukutana nazo kwanza, na mara nyingi ndizo za mwisho pia.

Jambo hili la mwisho ndilo linalonisikitisha. Mtu aliyeanzishiwa sindano huona ajabu: baada ya miezi michache mkojo unatoka vizuri, na PSA iliyokuwa 60 imeshuka chini ya 1, anawashukuru madaktari, anamshukuru Mungu, anarudi kwenye shughuli zake na kuamini kwamba amepona. Kumbe chembe za saratani zimelazwa njaa tu, na ziko zinazojifunza kuishi katika njaa ile. Baada ya miaka kadhaa huamka, na zikiamka hazizitii tena sindano zile. Tiba hii ya kuikata homoni, niiitayo homoni kwa ufupi, ikiwa peke yake kwa mtu ambaye ugonjwa wake haujatoka na ambaye ana miaka mingi ya kutarajia kuishi, ni nusu ya tiba.

Kwamba ni nusu tu, haya si maoni yangu. Mwaka uleule wa 1996, madaktari wa Norway, Sweden na Denmark walianza kuwaandikisha wanaume 875 wenye saratani iliyokuwa imepenya au kukaribia kuupenya utando wa tezi, wakawagawa makundi mawili kwa bahati nasibu: kundi moja likapewa homoni tu, na la pili likapewa homoni pamoja na mionzi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Kwa makadirio ya miaka kumi, waliouawa na saratani hiyo katika kundi la homoni tupu walikuwa asilimia 23.9, na katika kundi lililoongezewa mionzi asilimia 11.9, yaani vifo vilipungua kwa nusu. Na kabla ya hapo, mwaka 1997, Michel Bolla wa Grenoble na wenzake wa Ulaya walikwisha kulijibu swali hilohilo kutoka upande wa pili, kwa kuwapa wagonjwa 415 mionzi, na nusu yao wakaongezewa sindano za homoni kwa miaka mitatu: baada ya miaka mitano, walio hai katika waliopata vyote viwili walikuwa asilimia 79, na katika waliopata mionzi peke yake asilimia 62. Ukiyasoma maandishi hayo mawili pamoja, huoni mahali pa ubishi. Mionzi bila homoni haitoshi, na homoni bila mionzi haitoshi.

Upasuaji wa kuing'oa tezi nzima pamoja na vifuko vya manii na matezi ya limfu ya nyonga nao ni njia halali, na kwa mtu mwenye nguvu, asiye na maradhi ya moyo, aliyempata mpasuaji mwenye mazoea ya kazi hiyo, waweza kuwa mwanzo mzuri. Mionzi na upasuaji kwa saratani ya namna hii vinapimwa sasa kwa kulinganishwa uso kwa uso katika uchunguzi mwingine wa nchi za Kaskazini ya Ulaya. Kwa hiyo daktari akuambiaye kwamba kimoja kimemshinda mwenziwe moja kwa moja amekwenda mbele ya elimu. Linalojulikana ni kwamba wengi katika wanaopasuliwa kwa saratani kali huhitaji mionzi baadaye, hivyo anayechagua kisu kwa kuikimbia safari ya mionzi asije akashangaa kuikuta safari hiyo mbele yake. Na madhara hayalingani: baada ya kisu, la kuogopwa zaidi ni mkojo kutoka bila hiari, ambao kwa wengi hutulia ndani ya mwaka na kwa baadhi haukomi; baada ya mionzi, ni tumbo na kibofu kusumbuka, na pengine damu katika haja kubwa miezi au miaka baadaye. Nguvu za kiume hudhoofika kwa njia zote mbili, na kwa homoni zaidi ya zote.

Iko tiba ya nne, mpya kuliko hizi. Mwishoni mwa mwaka 2021 zilitangazwa habari za uchunguzi uliofanywa Uingereza na Uswisi kwa wanaume karibu 2,000 wenye saratani ya hatari kubwa sana: walioongezewa vidonge vya abirateroni kwa miaka miwili, pamoja na predinisoloni, juu ya homoni na mionzi, walikuwa hai kwa asilimia 86 baada ya miaka sita, na wasioongezewa kwa asilimia 77. Dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2019, na kwa kuwa viwanda vingi huitengeneza siku hizi, bei yake imeshuka sana. Lakini inataka mtu apimwe shinikizo la damu, ini na chumvi za damu kila mara, na asiyeweza kupimwa asiianze.

Haya yote ni elimu ya vitabu, na mtu wa Bagira ana haki ya kuuliza: yanifaa nini mimi, niishiye katika nyumba zile za safu zilizojengwa zamani za Wabelgiji, hali mashine ya mionzi haimo mjini mwangu? Mashine iliyo karibu naye iko ng'ambo ya mpaka, katika Kituo cha Saratani cha Rwanda kilichomo ndani ya Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe, Kigali, kilichoanza kutoa mionzi mwaka 2019. Kabla ya mwaka huo Mnyarwanda mwenyewe alilazimika kusafiri nje ya nchi yake. Kutoka Bagira mtu hushuka mjini, huvuka mto Ruzizi, hupanda basi Kamembe, hupita msitu wa Nyungwe, na huwasili Kigali baada ya mwendo wa saa sita hivi. Safari si ndefu mno. Kinachotisha ni kukaa, kwani mionzi hutolewa siku tano kwa juma, na mpango wa zamani wa vikao 37 au 38 humweka mtu ugenini karibu majuma manane, akilipa chumba, chakula na tiba kwa fedha taslimu.

Kwa hiyo liko swali moja ambalo kila mgonjwa wa huku anapaswa kumwuliza daktari wa mionzi kabla ya kukata tamaa: je, mpango mfupi wanifaa? Uchunguzi wa Waingereza uliotangazwa mwaka 2016, uliokusanya wanaume zaidi ya 3,000, ulionyesha kwamba vikao 20 vyenye dozi kubwa zaidi kila kimoja, yaani majuma manne, havikuwa duni kuliko vile 37. Na ingawa wengi wa wanaume wale walikuwa na saratani ya hatari ya wastani, mpango mfupi unatumika leo kwa wengi wenye saratani kali pia. Majuma manne badala ya manane kwa mwenye kulala kwa jamaa Kigali ni tofauti baina ya kuweza na kutoweza.

Kisha liko jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa Stockholm au London havilitaji, nami naliona zito kuliko mengi yaliyomo humo, nalo ni uhakika wa tiba kuendelea. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa katika hospitali ya Mulago, iliharibika, na nchi nzima ikakaa mpaka mwishoni mwa mwaka 2017 bila nyingine. Nasi hapa, mji wa Bukavu ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Februari 2025, mabenki yalifunga milango, na ndege za uwanja wa Kavumu zikasimama. Sindano ya homoni isiyopatikana mwezi wake ni homoni iliyorudi, na saratani iliyolazwa njaa hulishwa tena. Uzuri wa sindano ni kwamba yaweza kusimamishwa baada ya miaka miwili au mitatu, na mwili wa mtu, hasa asiye mzee sana, ukarudi pengine katika hali yake. Ubaya wake ni kwamba inategemea duka la dawa, barabara, mpaka na mkoba.

Upasuaji wa korodani hautegemei chochote katika hivyo. Hufanywa mara moja, huweza kufanywa papa hapa Bukavu, gharama yake ni ya mara moja tu, na homoni hushuka ndani ya saa chache. Tena mpasuaji akiombwa aweza kutoa nyama ya ndani tu na kuacha umbo la nje, asionekane mtu kuwa amepungukiwa. Najua neno hili linavyopokewa. Wazee wetu husikia ndani yake kuhasiwa, na wako waliochagua kufa kuliko kulikubali, na staha hiyo siidharau, kwa sababu mtu ana haki ya kuuhifadhi mwili wake aliopewa. Lakini sindano hufanya kazi ileile: huzima hamu na nguvu vilevile, huleta jasho la ghafla vilevile, hupunguza mifupa na misuli vilevile, tofauti yake ni kuweza kusimamishwa. Basi kwa kijana wa miaka 58 atakayekwenda Kigali kwa mionzi, na ambaye ana namna ya kuzipata sindano zake zote, sindano ni bora. Kwa mzee wa miaka 74, ambaye watoto wake wanachanga dola kwa kila miezi mitatu na mara nyingine hazitoshi, hukumu yangu ni kwamba upasuaji ule ni salama kuliko ahadi ya sindano isiyofika, na daktari asiyeutaja mbele yake kwa kuona haya hakumtendea haki.

Na upande wa mwisho wa mizani ni mtu mwenyewe. Mwenye moyo dhaifu, au figo zilizoharibika kwa kuziba mkojo, au umri uliopita 80, huenda tiba nzito ikamwondolea raha ya miaka iliyobaki bila kumwongezea hata mmoja, naye akiamua kupokea homoni tu, au kungoja mpaka dalili zionekane, hajaukimbia ugonjwa wake. Linalotakiwa ni kwamba aamue akiwa amejua. Hapa mke hana budi kuwapo chumbani, kwani mambo yatakayobadilika ni ya nyumba yao wawili, na mume anayeficha sindano zake kwa miezi huku mke akidhani kwamba amechukiwa amejiongezea maradhi ya pili. Mwite mtoto mkubwa pia, au kaka, yule atakayeuliza yale ambayo mgonjwa kwa hofu atasahau kuyauliza.

Saratani kali haitaki uamuzi wa usiku mmoja; majuma machache ya kukusanya vipimo na kushauriana hayadhuru. Miezi ya kunywa mizizi huku vipimo vimelala sandukuni hudhuru sana. Ila liko jambo moja lisilongoja hata siku: mgonjwa wa saratani hii akipata maumivu makali ya mgongo, na miguu ikaanza kulegea au kufa ganzi, au akashindwa ghafla kujizuia haja, huenda uti wa mgongo umebanwa, naye apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana mguu uliokwisha kupooza ni vigumu kuurudisha.

Nakuomba basi, msomaji, ikiwa baba yako au wewe mwenyewe umeambiwa kwamba una maradhi haya, usitoke mbele ya daktari kabla hujaandikiwa katika karatasi mambo matatu: PSA yako na tarehe iliyopimwa, alama ya Gleason iliyosomwa katika kinyama, na yaliyoonekana katika picha za mifupa na nyonga. Kisha uliza kwa sauti, hata kama hukuulizwa: ugonjwa wangu waweza kuponywa bado? Ukijibiwa ndiyo, usikubali kurudi Bagira na sindano peke yake mpaka kwanza umejua gharama za Kigali, muda wa kukaa huko, na siku ambayo waweza kupokelewa.